Mashine ni Yako, Programu ni kwa Ruhusa: Historia ya Leseni ya Kompyuta

Shika kalamu, maana leo kuna tarehe za kuandika.

Umenunua kompyuta. Umeilipia, na risiti unayo. Kisha siku moja unaiwasha, nayo inakuandikia kwenye kioo kwamba uithibitishe leseni. Unajiuliza, "Leseni ya nini tena? Mashine hii si yangu?"

Swali lako ni la haki, na jibu lake ni hili. Mashine ni yako, lakini kile kinachoiendesha umepewa ruhusa tu ya kukitumia. Leo tutaona ruhusa hiyo ilianzaje, na kwa nini yafaa kila mwenye kompyuta aijue kabla hajabadili toleo.

MANENO YA SOMO

Kwanza tuelewane maneno. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. Mfumo wa uendeshaji ni programu kubwa inayozisimamia programu nyingine zote, kama msimamizi anavyowagawia kazi mafundi katika karakana. Windows ni mfumo wa namna hiyo. Leseni ni ruhusa ya kuutumia kwa masharti. Kuthibitisha leseni, ambako wengine huita kuamilisha, ni kumwonyesha mwenye programu kwamba ruhusa unayo. Kupandisha toleo ni kuondoa mfumo wa zamani na kuweka mpya mahali pake.

Fikiri habari za nyumba ya kupanga. Ukilipa kodi unakaa kwa raha, unafunga mlango wako, na unapokea wageni wako. Lakini huwezi kuiuza nyumba hiyo. Leseni ya programu inafanana na hayo. Umelipia kukaa, hukulipia nyumba.

WAKATI PROGRAMU HAIKUWA NA BEI YAKE

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 na 1960 kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba kizima. Waliokuwa nayo ni serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Kampuni iliyotia fora katika biashara hiyo ni IBM ya Marekani. Wateja wake walinunua mashine au waliikodi, na programu zilikuja pamoja nayo katika bei ile ile. Hakuna aliyeuliza, "Programu hii ni ya nani?"

Tarehe 23 Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoza bei ya programu mbali na bei ya mashine. Jambo hilo lilionekana kuwa la mahesabu tu, lakini liligeuza biashara yote. Tangu hapo maagizo ya kompyuta, kitu ambacho huwezi kukishika mkononi, yakawa bidhaa yenye bei yake.

UTEPE WA KARATASI

Mapema mwaka 1975 ilitangazwa kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni moja katika mji wa Albuquerque, huko New Mexico, Marekani. Mtu wa kawaida aliweza kuinunua na kuiunga mwenyewe nyumbani. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, waliandika programu ya lugha ya BASIC ili mashine hiyo iweze kufanya kazi za maana. Kampuni yao ndiyo Microsoft.

Wakati ule programu hiyo iliwekwa katika utepe wa karatasi wenye vitobo. Sasa angalia yaliyotokea. Huko California palikuwa na chama cha wapenda kompyuta, Homebrew Computer Club. Utepe mmoja wa BASIC ulifika mikononi mwa wanachama, ukanakiliwa, na nakala zikagawiwa mkutanoni. Inasimuliwa kwamba aliyechukua utepe mmoja alitakiwa arudi na miwili, ili na wengine wapate.

Wanachama wale hawakujiona wezi. Kwao kugawana maarifa lilikuwa jambo jema, kama jirani anavyomgawia jirani mbegu. Lakini Gates aliona vingine. Tarehe 3 Februari 1976 aliwaandikia barua ya wazi. Alilalamika kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walionunua BASIC. Alieleza pia kwamba muda wa kompyuta walioutumia kuitengeneza ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000. Akauliza, nani ataandika programu nzuri ikiwa halipwi?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ukinakili utepe wa mwenzako, yeye hapungukiwi na kitu. Utepe wake anao. Lakini aliyekesha akiandika programu hapati ujira wa jasho lake. Mwizi wa kuku humwachia mwenyewe banda tupu. Mwenye kunakili programu haachi banda tupu, na ndiyo maana watu wengi hawakuona kosa.

Sheria ikaja kuamua. Mwaka 1980 Marekani iliandika wazi katika sheria yake ya hakimiliki kwamba programu ya kompyuta inalindwa kama vile kitabu kinavyolindwa. Nchi nyingine zikafuata. Kwetu Tanzania programu zimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya zimo katika sheria yake ya mwaka 2001.

KUTOKA NAMBA HADI KUFULI

Sheria ni jambo moja, kuifuata ni jambo jingine. Katika miaka ya 1980 watengenezaji kadhaa walitia kufuli katika diski zao ili zisinakiliwe. Taabu ikawapata hata wateja waliolipa, kwa maana diski ikiharibika hawana akiba. Wengi wa watengenezaji wakaziacha kufuli hizo.

Kisha ikaja namba ya leseni. Ukinunua Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ulipewa namba ya kuandika wakati wa kuiweka. Lakini namba iliyoandikwa kwenye karatasi haijui imetumiwa mara ngapi. Mtu mmoja aliweza kuwapa namba ile ile marafiki kumi, na mashine zote kumi zikaikubali.

Tarehe 25 Oktoba 2001 ilitoka Windows XP, nayo ilikuja na desturi mpya. Mteja aliandika namba yenye herufi na tarakimu 25. Kompyuta ikatazama vipande vyake vya ndani, ikatengeneza alama ya mashine ile, kisha namba na alama vikapelekwa Microsoft kwa intaneti. Mteja alikuwa na siku 30 za kufanya hivyo. Zikipita, alizuiwa kuingia katika mashine mpaka athibitishe.

Asiyekuwa na intaneti alipiga simu. Ilimpasa asome tarakimu 50 moja baada ya moja, naye akasomewa tarakimu 42 za kuandika. Hebu fikiri, wewe msomaji, kazi ya kusoma tarakimu hamsini kwa simu bila kukosea hata moja! Na mtu akibadilisha vipande vingi vya mashine yake, kompyuta iliweza kudhani kwamba ni mashine nyingine, ikamtaka athibitishe upya.

Hivyo ndivyo kufuli ilivyoingia nyumbani. Ilimzuia anayenakili, lakini pia ilimpa muuzaji uwezo ambao hakuwa nao kabla, yaani uwezo wa kuifunga mashine iliyo mezani kwako. Siku hizi adhabu ni nyepesi zaidi. Windows 10 au 11 isiyothibitishwa huendelea kufanya kazi, lakini huandika onyo pembeni mwa kioo na kufunga mipangilio ya kubadili sura yake.

KWA NINI TUPANDISHE TOLEO?

Huenda ukasema, "Mimi toleo langu la zamani linanitosha." Sikiliza kisa hiki.

Kila mfumo una nyufa ambazo wahalifu huzitafuta. Mtengenezaji akiujua ufa, hutoa kiraka, nawe hukipokea kwa intaneti. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja mkubwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa ule ule. Ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia kuanzia dola 300. Huko Uingereza hospitali zilisimamisha miadi ya wagonjwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Mashine nyingi zilizopatwa hospitalini zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao bado ulipewa viraka wakati ule. Viraka vilikuwapo, ila havikuwekwa.

Basi jifunze mambo mawili. Leseni peke yake haikulindi. Viraka ndivyo vinavyokulinda. Na anayetumia nakala ya wizi mara nyingi hufunga njia ya viraka kwa hofu ya kugunduliwa, akalala mlango wazi.

Viraka navyo vina mwisho wake. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa waliojiandikisha waliongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine haizimiki siku hiyo, lakini mlinzi wake ameondoka.

Mwenye leseni halali ya Windows 10 huruhusiwa kupanda hadi Windows 11 bila kulipa, iwapo mashine yake inafaa. Lakini hapo ndipo penye shida. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Mashine nyingi nzima zilizotengenezwa zamani hazina chipu hiyo. Mwenye nazo ana leseni halali mkononi, lakini mlango wa toleo jipya haumruhusu.

WALIOSHIKA NJIA NYINGINE

Ile desturi ya kugawana haikufa. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kiini kiitwacho Linux. Kazi hizo mbili zikakutana. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux. Neno ubuntu ni la Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa neno letu utu. Ubuntu nayo ina leseni, ila leseni hiyo inakuruhusu kumpa jirani nakala. Mashine nyingi ambazo Windows 11 inazikataa, Ubuntu au ndugu zake huzikubali.

KABLA HUJAPANDISHA TOLEO

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza, nakili barua, picha na hesabu zako katika diski ya nje. Usianze kazi kabla ya hapo.

Pili, fungua mipangilio ya kompyuta, utazame kama leseni imethibitishwa. Mashine nyingi za zamani zina karatasi ya namba iliyobandikwa kwenye mwili wake. Mashine nyingi zilizotoka na Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 zina namba ndani yake, huioni kwa macho. Tangu mwaka 2016 leseni ya Windows 10 yaweza kufungamanishwa na akaunti yako, ili uipate tena ukibadilisha kipande kikubwa.

Tatu, uliza leseni yako ni ya namna gani. Iliyokuja na mashine kiwandani hufa na mashine hiyo. Iliyonunuliwa peke yake dukani huweza kuhamishwa. Ukinunua kompyuta iliyotumika, muulize muuzaji jambo hili kabla hujatoa fedha.

Nne, akikupigia simu mtu usiyemjua akisema leseni yako imekwisha na atumiwe fedha, kata simu. Huyo ni tapeli.

Wanafunzi wapenzi, tangu utepe wa karatasi hadi chipu ya usalama, ugomvi ni ule ule: mwenye jasho alipwe vipi, na mwenye mashine abaki na uhuru kiasi gani? Mbele ya kioo kinachokuuliza, "Unakubali masharti?", sasa unajua kinachoulizwa. Soma kwanza, ndipo ukubali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. IBM ilitangaza nini mwaka 1969?
2. Waliogawana utepe wa BASIC walikuwa na hoja gani? Na Gates alikuwa na hoja gani? Wewe unaona vipi?
3. Kwa nini namba ya leseni peke yake haikutosha?
4. Nini kingeziokoa hospitali za Uingereza mwaka 2017?
5. Jirani yako ana kompyuta nzima ambayo Windows 11 inaikataa. Utamshauri nini?