Mkokoteni ukifungwa nyuma ya gari huwa trela: mambo ya kujua kabla ya kununua

KUANZIA alfajiri, barabara ya Kibera Drive karibu na soko la Makina huwa imejaa mikokoteni. Kuna inayobeba mitungi ya maji, mingine magunia ya makaa, mingine vitanda na makochi yaliyotoka tu mikononi mwa maseremala wa eneo hilo. Hali ni iyo hiyo Kawangware, ambako wavuta mikokoteni hung'ang'ania nafasi na matatu kwenye barabara ya Naivasha.

Hata hivyo, mfanyabiashara ambaye mzigo wake umeongezeka hufika mahali ambapo nguvu za mtu mmoja hazitoshi tena. Hapo ndipo wengi huamua kutafuta trela ya kuvutwa na gari. Baadhi huchagua njia ya mkato: huufunga mkokoteni ule ule kwa kamba nyuma ya pikapu, gari dogo au hata pikipiki, na kuingia barabarani.

Njia hiyo ni hatari, na kisheria inabadilisha kila kitu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, inakitambua kuwa trela chombo kisicho na injini yake chenyewe na kinachovutwa na gari. Kwa hivyo mkokoteni unaosukumwa na binadamu ni suala la serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi usimamizi wa uchukuzi, trafiki na maegesho katika kaunti. Lakini pindi unapofungwa nyuma ya gari, unakuwa trela isiyosajiliwa, isiyo na taa wala breki, na aliye kwenye usukani ndiye atakayejibu mashtaka.

Uzani ndio wa kwanza

Kosa linalofanywa na wanunuzi wengi ni kuanza kwa kuangalia ukubwa wa sanduku la trela badala ya kuuliza litabeba kilo ngapi. Mzigo mmoja haulingani na mwingine. Mtungi wa lita 20 wa maji una uzani wa takriban kilo 20, kwa hivyo mitungi 20 ni kilo 400, bila kuhesabu mkokoteni wenyewe. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Gunia la viazi nalo, kwa mujibu wa kanuni za 2019, halifai kuzidi kilo 50, ingawa wanaolibeba mgongoni wanajua kwamba kanuni hiyo haifuatwi kila mahali.

Mchanga ndio unaowaponza wengi. Trela yenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kuta za kimo cha sentimita 40 inaonekana ndogo. Ikijazwa mchanga hadi ukingoni, inabeba zaidi ya mita moja ya ujazo, na kwa kuwa mita moja ya ujazo wa mchanga huwa na uzani wa karibu tani moja na nusu au zaidi, trela hiyo "ndogo" inakuwa imebeba takriban tani 1.8. Ikiwa ekseli yake ilitengenezwa kwa ajili ya tani moja, itapinda au beringi zitayeyuka kabla ya mwaka kuisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anafaa kuipima trela kwa mchanga, naye mwenye kuuza makochi anaweza kununua trela pana na nyepesi bila wasiwasi.

Kwa hivyo mnunuzi anapaswa kutaka kujua mambo mawili: uzani wa trela ikiwa tupu, na uzani wa juu kabisa inaoruhusiwa kufikia ikiwa na mzigo. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo mzigo halali. Trela ya kazi nzito iliyoundwa kwa mabati mazito na vyuma vya pembe inaweza kuwa na kilo 400 au zaidi ikiwa tupu, na fundi asiyejua kueleza uzani huo hafai kuaminiwa na pesa za mtu.

Gari litakaloivuta ni muhimu vivyo hivyo. Kila kiwanda cha magari hutaja katika kitabu cha gari uzani ambalo linaweza kuvuta, na kwa kawaida hutaja viwango viwili: cha trela yenye breki na cha trela isiyo na breki. Cha pili huwa kidogo sana kuliko cha kwanza. Gari dogo la familia lililogeuzwa kuwa la biashara linaweza kuondoka na tani moja nyuma yake, kwani injini haikatai. Shida huja wakati wa kusimama.

Breki na miteremko ya Kibera

Makina iko upande wa juu wa Kibera. Kutoka hapo ardhi huteremka kuelekea kwenye reli na mto Ngong, na yeyote aliyewahi kuteremsha mkokoteni wa maji huko anajua maana ya mteremko. Kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, mkokoteni wa kilo 500 humsukuma anayeushikilia kwa nguvu sawa na uzani wa kilo 50 hivi, yaani mfuko mzima wa simiti. Ndiyo maana wavuta mikokoteni hufunga kipande cha tairi kuukuu nyuma, kisha huinua mikono ya mkokoteni ili tairi hilo likwaruze ardhi na kupunguza kasi. Ni ubunifu wa kusifiwa, lakini hauwezi kuhamishiwa kwenye trela inayokwenda kilomita 50 kwa saa.

Katika nchi za Ulaya, trela yoyote inayozidi kilo 750 ikiwa na mzigo lazima iwe na breki zake yenyewe. Hicho ni kipimo kizuri hata kwa mnunuzi wa Nairobi. Breki inayopatikana zaidi kwenye trela za wastani hufanya kazi kwa msukumo: dereva anapofunga breki za gari, trela hulisukuma gari kwa mbele, na msukumo huo huvuta waya unaokaza breki za magurudumu ya trela. Haihitaji umeme wala mafuta ya ziada, na fundi wa kawaida anaweza kuirekebisha. Mnunuzi ahakikishe pia kuna breki ya mkono ya kuegesha trela ikiwa imefunguliwa kutoka kwa gari.

Mafundi wengi wa jua kali hutumia ekseli ya nyuma ya gari kuukuu. Hakuna ubaya katika hilo; ekseli hiyo mara nyingi ni imara kuliko chuma kipya cha bei nafuu. Ubaya ni kwamba mara nyingi sehemu za breki zilizokuwa kwenye magurudumu hutolewa na kuuzwa kando. Mnunuzi anayeagiza trela anafaa kusisitiza mapema kwamba sehemu hizo zibaki.

Kiungio

Trela inayochomoka barabarani haichagui itakayemgonga. Katika barabara kama zile zinazozunguka Kibera, ambako watoto wa shule, wachuuzi na mikokoteni hutumia ukingo mmoja, hakuna nafasi ya kukosea katika jambo hili. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, ambayo ilisababisha nyumba kubomolewa Kibera mnamo Julai 2018, imeleta magari mengi na kasi zaidi katikati ya makazi.

Trela nyingi hufungwa kwa tufe la chuma lililo kwenye gari na kikombe kilicho kwenye trela. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni milimita 50. Marekani hutumia pia inchi 2, ambayo ni takriban milimita 50.8, na inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6 tu. Kwa macho matufe hayo yanafanana. Kikombe cha milimita 50 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 47.6 kitafunga, kitatingishwa na kuonekana kiko sawa, kisha kitachomoka gari likipanda tuta. Kwa vile magari ya mitumba huingia Kenya kutoka nchi mbalimbali, tufe lipimwe kwa kifaa, si kwa kukadiria.

Pamoja na kiungio, trela iwe na minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini yake, ili kiungio kikiachana mkono wa trela uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Kamba ya nailoni si mbadala wa mnyororo.

Upangaji wa mzigo una kanuni yake. Takriban asilimia 60 ya mzigo inafaa kuwa mbele ya ekseli, ili trela iliegemee gari kidogo. Wataalamu wa Marekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzani wote ikae juu ya kiungio. Wale wa Ulaya hutosheka na kiasi kidogo zaidi. Trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva akikanyaga breki kwa hofu huzidisha myumbo huo. Dawa ni kuachilia mafuta taratibu na kushikilia usukani bila kuuzungusha.

Magurudumu yasomwe. Ubavuni mwa tairi kuna nambari ya uwezo wa kubeba: 91 humaanisha kilo 615 kwa tairi moja, na 102 humaanisha kilo 850. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya kiwanda huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1819 ni wiki ya 18 ya mwaka wa 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri ilhali mpira wake umezeeka.

Sheria inataka nini

Chini ya Sura ya 403, trela husajiliwa kama gari. Inapewa nambari yake yenyewe, na nambari za trela nchini huanza kwa herufi Z, jambo ambalo yeyote aliyewahi kufuata lori kwenye barabara ya Mombasa ameliona. Usajili husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), iliyoundwa kupitia sheria ya 2012, na tangu 2023 maombi yake hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen. Trela ya jua kali inafaa kuwa na stakabadhi za ununuzi wa vyuma na ekseli, kwani mkaguzi akiuliza zilikotoka, neno la fundi halitoshi. Kituo cha ukaguzi cha Nairobi kiko barabara ya Likoni, Eneo la Viwandani.

Anayenunua trela iliyotumika akumbuke kwamba sheria inatoa siku saba za kuwasilisha taarifa ya mabadiliko ya umiliki. Kununua kwa karatasi ya makubaliano pekee na kuacha jina la mwenye awali kwenye hati ni kujitafutia kesi, hasa ikiwa trela iliibwa au ilitumiwa kama dhamana ya mkopo.

Bima ya kugharimia madhara kwa wahusika wengine ni ya lazima kwa magari chini ya Sura ya 405. Mwenye gari asidhani kwamba bima ya pikapu yake inahusu moja kwa moja trela iliyo nyuma. Aiulize kampuni yake kwa maandishi, na apate jibu kwa maandishi, kabla ya safari ya kwanza.

Leseni nayo ina makundi. Katika mpangilio wa kanuni za 2020, kundi B ni la magari mepesi, ilhali CE ni la malori mazito yenye trela. Anayepanga kukua kutoka pikapu hadi lori afahamu kwamba leseni aliyo nayo haitamfuata.

Usiku, trela bila taa ni ukuta unaotembea. Taa za nyuma, za breki na za kugeukia ziunganishwe na za gari kupitia plagi, na nyuma kuwe na viakisi vyekundu. Malori na trela kubwa huwekwa pia mistari myekundu na manjano inayoakisi mwanga. Dereva awe na pembetatu mbili za tahadhari garini. Kasi katika maeneo ya miji haifai kuzidi kilomita 50 kwa saa, na tangu Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, magari makubwa ya mizigo yalitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa.

Kwa wale wa mizigo mikubwa zaidi, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzani wa Magari ya 2013 inahusu magari ya tani 3.5 na zaidi. Ekseli moja yenye tairi mbili kila upande hairuhusiwi kupita tani 10, na gari zima pamoja na trela lisizidi tani 56. Vituo vya kupimia, kama vile vya Athi River, Mariakani, Gilgil na Webuye, hupima kila ekseli, kwa hivyo jumla iliyo sahihi haiwezi kuficha mzigo uliorundikwa upande mmoja.

Trela mpya ikishatoka kwa fundi, isijazwe siku ya kwanza. Ipakiwe nusu, ivutwe kilomita 20 hivi, kisha dereva asimame na aguse kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya mkono. Kilicho moto kuliko mwenzake kina beringi iliyokazwa kupita kiasi au isiyo na grisi. Nati za magurudumu zikazwe hapo hapo, na zirudiwe tena baada ya kilomita 100.