Njia Mbovu Ina Dawa Mbili

Kila mwisho wa majira ya baridi, theluji ya kaskazini mwa Minnesota inapoanza kulainika na kugeuka tope, watengenezaji wa pikipiki za theluji hufungua oda za msimu ujao. Wiki zinahesabika, kisha dirisha linafungwa. Ndani ya wiki hizo mteja anachagua injini, rangi na shokapu, na baadhi ya shokapu za daraja la juu hazipatikani tena kutoka kiwandani baada ya hapo. Mimi ni fundi wa springi na shokapu. Kazi niliianzia Moshi, kwenye gereji ya Land Rover, na nilipohamia huku nikaikuta inanisubiri chini ya mashine nyingine. Msimu wa oda simu yangu haitulii.

Safari hii swali limetoka kwa kijana wa Mwanza, muuguzi pale Duluth, ambaye wafanyakazi wenzake wamemfundisha kuendesha. "Shikamoo, kaka. Hii yenye shokapu nzuri imezidi karibu dola elfu mbili. Si bora hela hiyo niongezee kwenye injini?" Nikamwambia aje gereji tukae, kwa sababu swali lake lina historia ya miaka mia moja, na asiyeijua historia hiyo hununua kwa macho. Niliyomweleza ndiyo haya.

Pikipiki ya theluji haikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1924 Carl Eliason, mwenye duka katika kijiji cha Sayner, Wisconsin, aliunda toboga lenye injini ndogo ya boti, rejeta ya Ford na vipande vya baiskeli. Alikuwa na tatizo la mguu na alishindwa kufuatana na wenzake porini wakati wa kuwinda. Aliongoza skii za mbele kwa kamba, na mwaka 1927 akapata hataza yake. Shida iliyomsukuma ilikuwa moja: afike walikofika wenzake.

Huko Valcourt, Quebec, fundi magari Joseph-Armand Bombardier alisukumwa na jambo zito zaidi. Tangu ujana wake alikuwa akijaribu vyombo vya kupita juu ya theluji. Januari 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na maradhi ya tumbo yaliyohitaji hospitali ya mbali, na barabara zote zilikuwa zimezikwa. Mtoto akafariki. Baada ya miaka mitatu Bombardier alikuwa na hataza ya gurudumu la meno na mkanda unaozunguka, na chombo chenye kibanda cha mbao kilichobeba watu saba, kikaitwa B7. Kilichofuata, B12, kilibeba kumi na wawili. Wateja wake walikuwa madaktari, posta, makasisi, na watu waliosafirisha watoto wa shule.

Kisha likatokea jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamua kwamba barabara zisafishwe theluji, za vijijini zikiwemo. Mauzo ya Bombardier yakaporomoka. Chombo hakikuharibika wala hakikupitwa na kingine kilicho bora. Njia ndiyo iliyotengenezwa. Kwa msafiri, njia mbovu ina dawa mbili tu: utengeneze njia, au utengeneze chombo. Historia yote ya springi za pikipiki ya theluji ni historia ya dawa hizi mbili kufukuzana.

Upande wa Minnesota, mjini Roseau karibu na mpaka wa Kanada, kulikuwa na karakana ya zana za kilimo ya akina Hetteen. Mwanzoni mwa 1956 David Johnson na wenzake waliunda mashine ya kupita kwenye theluji wakati mkubwa wao, Edgar Hetteen, hayupo. Skii zake zilitokana na bampa la Chevrolet, na mkanda ukatokana na vipande vya kipandishio cha nafaka. Edgar hakufurahi, lakini mishahara ilikuwa inasubiri, wakaiuza kwa mwenye ghala la mbao kwa dola 465. Huo ndio mwanzo wa pikipiki za Polaris. Mwaka 1960 Edgar mwenyewe alivuka Alaska kutoka Bethel hadi Fairbanks, zaidi ya kilomita 1,600, kuuthibitishia umma kwamba mashine hizi zinaaminika. Baadaye mwaka huohuo aliondoka na kuanzisha kampuni nyingine Thief River Falls, ambayo leo tunaijua kwa jina la Arctic Cat.

Bombardier, baada ya kupoteza wateja wa barabarani, aliendelea kuwaza mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Ilitoka mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo, ikiwa na mkanda wa mpira na injini ya nguvu za farasi 7. Kwa mwendo wake, springi hazikuwa hoja kubwa. Nina Ski-Doo Olympique ya miaka ya mwisho ya 1960 gerejini, na huwa nailaza ubavu nikitaka kumwonyesha mteja tulikotoka. Ndani ya mkanda kuna makundi ya vigurudumu vya mpira, kila kundi kwenye mhimili wake, na springi iliyojikunja kwenye mhimili ikivisukuma chini. Ukikandamiza kundi moja kwa kiganja, linazama vidole vichache tu, kisha chuma kinagonga chuma. Theluji hujisokota katikati ya vigurudumu, na ukiiacha mashine nje usiku, asubuhi inabidi uitikise mkanda uachie barafu. Mbele, kila skii imebebwa na springi za majani, jamii ileile niliyokuwa nikiipanga Moshi.

Mwendo ulipozidi, mfumo huo ukalemewa. Msimu wa 1970 hadi 1971 zaidi ya chapa mia moja zilikuwa sokoni na karibu mashine 495,000 ziliuzwa Amerika ya Kaskazini. Injini zilikwishapita nguvu za farasi 30 na 40. Watu waliruka matuta na kutua wakiwa wamekaa. Miaka hiyohiyo watafiti wa Marekani walianza kuchapisha uchunguzi wa majeraha ya uti wa mgongo ya waendeshaji, kwa kuwa pingili zilikuwa zinapondeka kwa kishindo cha kutua. Kabla ya hapo springi zilikuwa za kuulinda mkanda. Sasa zikatakiwa zimlinde mtu.

Jibu lilikuwa reli. Arctic Cat walikwisha kuitumia katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 wengine wakafuata. Badala ya vigurudumu, mkanda unateleza juu ya reli mbili zilizovishwa plastiki, na reli zenyewe zimeshikwa na mikono miwili, springi na shokapu, hivyo fremu nzima hupanda na kushuka. Plastiki hiyo inapozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Ukipita kwenye barafu tupu kwa muda mrefu inapata moto na kuyeyuka. Lakini kwenye theluji ya kawaida mwendeshaji aliweza kwa mara ya kwanza kukaa saa kadhaa bila kusimama wima kila tuta.

Na dawa ile nyingine, ya kutengeneza njia? Matuta ya njia ya theluji hayaletwi na mvua. Yanachongwa na mashine zenyewe. Mmoja akifunga breki kabla ya kona, mkanda unasukuma theluji mbele. Akitia moto kutoka kwenye kona, unaichota na kuitupa nyuma. Anayefuata anapanda kirima hicho, springi zinabanwa, na zinapofunguka mkanda unachimba shimo upande wa pili. Kufikia jioni ya Jumamosi njia iliyokuwa laini asubuhi imejaa mawimbi. Kila springi ilipoboreka, watu waliongeza mwendo, na kila mwendo ulipoongezeka matuta yakawa marefu. Shokapu mpya ilimponya aliyekuwa nayo na kumwongezea taabu aliyekuja nyuma yake bila nayo.

Ndiyo maana vilabu vya vijijini vikaanza kusawazisha njia. Hapa wazee husimulia jinsi walivyokokota springi za vitanda vya chuma nyuma ya mashine zao kukwangua matuta. Tangu miaka ya 1970 jimbo la Minnesota limekuwa likivipa vilabu ruzuku kutokana na ada za usajili na kodi ya petroli. Leo jimbo hili lina karibu kilomita 35,000 za njia, na sehemu kubwa inatunzwa na watu wa kujitolea. Wanatoka usiku, maana theluji iliyokwanguliwa inahitaji saa kadhaa za baridi kali bila kukanyagwa ili ishikane. Njia ikifunguliwa kabla haijashikana, kazi ya usiku kucha inaharibika kwa mashine chache tu.

Mashine nazo hazikusubiri. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, majira kadhaa ya baridi yakawa na theluji haba, kampuni zikafa moja baada ya nyingine, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 wakubwa waliobaki walikuwa wanne: Ski-Doo, Polaris, Arctic Cat na Yamaha. Waliosalia walishindana kwa springi. Polaris walichukua mfumo wa mbele waliokwisha kuujaribu kwenye mashindano, ambamo kila skii ina mkono, springi na shokapu yake, na mwaka 1980 wakauweka kwenye mashine ya kuuza, TX-L Indy. Springi za majani zikaanza kuaga. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja mifumo ya nyuma yenye mwendo mrefu, kama XTRA-10 ya Polaris, na M-10 ya Gerard Karpik iliyotengenezwa Eveleth, Minnesota, ambayo ungeweza kuinunua na kuifunga kwenye mashine yako. Mwaka 2003 Ski-Doo REV ikamsogeza mwendeshaji mbele, karibu na kitovu cha mashine, mahali ambapo tuta halimrushi sana. Hilo la mwisho halikuwa springi kabisa, lakini migongo mingi ninayoijua ilipata nafuu kwalo.

Sasa turudi kwenye dola elfu mbili za kijana wa Mwanza. Nilimwonyesha shokapu mbili juu ya meza. Ya kwanza ni ya bei nafuu: imezibwa kiwandani, mafuta na gesi vimo kwenye chumba kimoja, na ikichoka inatupwa. Ya pili nikaifungua mbele yake. Kwanza natoa nitrojeni kupitia vali, kisha nazungusha kichwa cha sili na kuvuta fimbo. Mafuta yaliyokuwa masafi yametoka ya kijivu, mazito kwa unga wa chuma. Mwishoni mwa fimbo kuna pistoni yenye matundu, na juu ya matundu rundo la washa za chuma nyembamba zilizopangwa kubwa hadi ndogo. Fimbo ikisukumwa, mafuta yanazikunja washa hizo ili yapite. Ukibadilisha unene au mpangilio wake umebadilisha tabia ya shokapu nzima. Chini kuna pistoni nyingine inayoelea, kazi yake ni kutenganisha mafuta na gesi.

Pistoni hiyo inayoelea ndiyo unayoilipia. Kwenye matuta ya mfululizo fimbo inaingia na kutoka bila kupumzika, na mafuta yanapata moto hata nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwenye shokapu ya bei nafuu mafuta yaliyopata moto huchanganyika na gesi yakawa povu, na povu halizuii kitu. Ukijaribu mashine mbili kwenye uwanja wa muuzaji kwa dakika kumi, hutaona tofauti ya maana. Tofauti ni saa ya nne, mikono ikiwa imechoka, shokapu moja bado iko vilevile na nyingine imekwisha.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa na mipaka. Kulipia shokapu inayofunguka, yenye gesi iliyotengwa: ndiyo, kwa mtu anayekusudia kupita njia ya North Shore, kilomita zaidi ya 230 kutoka Duluth hadi Grand Marais. Itafanyiwa sevisi na kufungwa tena, na mashine itauzika vizuri zaidi. Kulipia zile za umeme zilizoingia katika miaka ya 2020, zinazojibadilisha zenyewe kwa sensa na swichi ya kwenye usukani: hapana, isipokuwa mizigo yako inabadilika kila safari au unaendesha kwa mashindano. Kuongeza injini: hapana kabisa, kwa sababu nguvu usiyoweza kuikalia kwenye matuta umeilipia bure. Na kabla ya yote, springi zipimwe kwa uzito wako wewe. Nimeona shokapu za bei mbaya zikifanya kazi kama mbovu kwa kuwa springi zimebaki zilivyotoka kiwandani, na kipimo hicho hakigharimu senti.

"Na inayobaki?" akauliza.

Nikamwambia achukue sehemu yake alipe uanachama wa klabu ya eneo lake, na vuli ikifika aende siku ya kufyeka njia. Sikumwambia hivyo ili nimpe wosia. Ni hesabu tu, ileile iliyofanyika Quebec mwaka 1948. Shokapu inamhudumia aliyeinunua, na inaanza kuchakaa siku ya kwanza. Njia iliyosawazishwa inamhudumia yeye, na mzee mwenye Olympique, na mtoto anayejifunza nyuma ya baba yake, na inazirefushia maisha shokapu za wote. Anayeweka hela yote kwenye chombo anajinunulia haki ya kuharibu njia kwa kasi zaidi. Anayeigawa anapata vyote viwili, na huyo ndiye mteja ambaye mashine yake huniletea kazi ndogo.