Bani la Baba

Bani la baba yangu la kukaushia tumbaku huko Urambo lilikuwa la matofali ya udongo, na moto wake haukuruhusiwa kuzimika kwa siku tano au sita. Sisi watoto tulipokezana usiku kusukuma magogo ya miombo tanurini na kuchungulia kipimajoto kwa tochi. Alfajiri tulichuma majani yakiwa bado na umande. Utomvu uliganda viganjani, mweusi kama lami, na kabla ya saa nne mdogo wangu alikuwa ameinama tutani anatapika. Mama alidhani ni njaa. Ilikuwa nikotini, ikipenya kwenye ngozi iliyolowa.

Wanyamwezi walijua tumbaku tangu zamani, wakisaga ugoro. Ile ya mvuke, ya marobota na madaraja, ililetwa kwetu na kushindwa kwa mradi wa karanga: Waingereza walianza kufyeka pori mwaka 1947, Kongwa, Nachingwea na kwetu, na mradi ulipokufa mwaka 1951 mashamba ya Urambo yakageuzwa ya tumbaku. Ndiyo iliyotusomesha. Sisemi haya kuwadharau wakulima.

Mkoa wetu wa Tabora una historia nyingine, ya kulipia matibabu, isiyosimuliwa pamoja na hiyo. Uchangiaji wa gharama hospitalini ulianza mwaka 1993, na mwaka 1996 wilaya ya Igunga ikawa ya kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Wazo lilikuwa jema, na shangazi yangu aliitunza kadi yake kwenye fundo la khanga. Ila kila kaya ilitoa kiasi kilekile, mwenye ng'ombe mia na mjane mwenye kuku watatu. Babu angelitambua jambo hilo mara moja. Wajerumani walitoza kodi ya nyumba tangu 1898, Waingereza wakaongeza ya kichwa, na maskini wengi walidaiwa sawasawa na wenye mali.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na swali zito ni nani awalipie wasio na uwezo. Mimi nasema sigara ilipe, na ilipe zaidi. Naambiwa kodi hiyo humwonea maskini. Baba alikuwa maskini na alivuta. Bei ilipopanda akaacha kununua pakiti, akanunua moja moja dukani. Kisha akawa anaizima katikati na kuchomeka nusu nyuma ya sikio. Kisha akaacha kabisa. Tajiri hasumbuliwi na bei kiasi hicho, basi alipe yeye. Na kikohozi kilipomrudia baba uzeeni, kikohozi ambacho hakuna aliyekitoza kodi, mama ndiye aliyelipa, kwa magunia ya mahindi.

Kinachonikera ni kumsahau mkulima. Ufilipino ina sheria ya mwaka 1992 inayorudisha asilimia 15 ya ushuru wa sigara za tumbaku ya Virginia kwa mikoa inayoilima, na mwaka 2012 ikapandisha kodi na kuelekeza sehemu kubwa ya nyongeza kwenye bima ya maskini. Nataka fungu kama hilo lifike Urambo: zahanati, miche ya miti, mbegu za alizeti kwa anayetaka kuacha tumbaku, na glavu kwa mtoto anayechuma alfajiri hii, mpaka atakapoondolewa shambani.