Mgeni na Mwenyeji Wake katika Mji wa Tabora

Katika karne ya 19 msafiri aliyetoka pwani kwenda bara hakuweza kupita Unyanyembe bila ya kukaa. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na mapatano yao yalikwisha pale: walipokea ujira wao, wakatua mizigo, wakaenda makwao. Mwenye msafara akabaki na marobota ya nguo, shanga na masango, asiwe na mtu wa kuyachukua. Ilimpasa kutafuta wapagazi wengine, na kama amefika wakati wa mvua, watu walipokuwa wakilima, pengine alingoja kwa majuma mengi. Basi kila mgeni alilazimika kuujua mji huo, apende asipende.

Wala haukuwa mji wa namna aliyoizoea mtu wa pwani. Hapakuwa na mitaa wala ukuta. Palikuwa na tembe za wafanyi biashara zilizotawanyika, kila moja na ua wake na shamba lake, na mahali pa mkusanyiko huo paliitwa Kaze. Mtemi wa Unyanyembe alikaa mbali kidogo na hapo, katika Kwikuru yake. Njia zilikutana hapo: moja yatoka Bagamoyo yaelekea Ujiji, na nyingine yashika kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Kwa kuwa mji haukuwa na barabara ya kumwongoza mgeni, alioneshwa mji na yule aliyempokea. Jambo hilo lina maana kubwa kwa wasomaji wa historia, kwa maana karibu habari zote zilizoandikwa juu ya Tabora ya zamani ziliandikwa na wageni.

Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Walipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, mtu aliyesafiri sana na kusoma sana. Burton alijua Kiarabu, akakaa barazani kwa Snay siku nyingi akiuliza juu ya nchi, njia, bei na lugha. Huko pwani wamisionari walikuwa wamekwisha kuchora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Snay aliwaeleza wageni wake kwamba maji hayo si ziwa moja bali ni matatu: la Nyasa, la Ujiji, na la Ukerewe upande wa kaskazini. Hivyo jambo kubwa la elimu ya nchi lilisahihishwa barazani, kabla Mzungu yeyote wa safari ile hajaona tone la maji hayo.

Lakini Speke hakujua Kiarabu. Mazungumzo yale yalimpita, naye alipata habari zake kwa Kihindustani, kwa kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa huko India. Wageni wawili walikuwa katika mji mmoja na nyumba moja, na kila mmoja akauingia kwa mlango wake. Mwaka 1858, waliporudi kutoka Ujiji, Burton alibaki Kaze pamoja na rafiki zake, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Mwezi wa Agosti akaliona ziwa la Ukerewe. Ugomvi wao uliokuja kujulikana katika Uingereza ulikuwa na sababu nyingi. Mojawapo ni hiyo, kwamba mmoja alitegemea maneno ya barazani na mwingine alikwenda kutazama.

Speke alirudi mwaka 1861 pamoja na James Grant, na safari hii alisikia habari za Unyanyembe kabla hajafika kwa wafanyi biashara. Njiani alijiwa na Mnywa Sere, mtemi aliyeondolewa katika utemi wake. Baada ya kufa mtemi Fundikira, Mnywa Sere alishika nchi akatoza ushuru juu ya mali ya wafanyi biashara. Hao walikataa, wakamwondoa kwa silaha, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alimwomba Speke awapatanishe. Speke alijaribu, asifaulu. Vita viliendelea, na katika vita hivyo Snay bin Amir mwenyewe aliuawa. Hapa msomaji aona jambo ambalo baraza la Kaze lisingemwonesha: ushuru ule ambao mfanyi biashara aliuita unyang'anyi, kwa mtemi ulikuwa haki ya mwenye nchi juu ya mgeni wake.

Miaka kumi baadaye kosa la kusikiliza upande mmoja liligharimu roho za watu. Henry Morton Stanley alifika mwezi wa Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, akapewa tembe katika Kwihara. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Wenyeji wa Stanley walikuwa wakijitayarisha kumpiga, naye akakubali kwenda pamoja nao na askari wake. Mwanzo walishinda, kisha waviziwa, wakakimbia, na baadhi ya watu wa Stanley wakafa. Katika mwezi wa Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa wafanyi biashara, akauawa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; mwaka ule mwenyeji hakupona, wala mgeni. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji. Mirambo aliishi hata mwaka 1884, na wasafiri waliokwenda kwake kwa amani walimkuta mtawala mwenye akili na utaratibu, wala si jambazi wa hadithi za Kaze.

Mwezi wa Februari 1872 Stanley na Livingstone walikuja pamoja Kwihara. Stanley alikwenda zake pwani mwezi wa Machi, na Livingstone akangoja mpaka Agosti wapagazi waliopelekwa kwake kutoka Unguja. Mwaka uliofuata alikufa kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake, na mwezi wa Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe. Walimkuta huko Verney Lovett Cameron, naye akawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Katika tukio hili Cameron ndiye aliyekuwa mgeni katika maana halisi ya neno, na wale wapagazi ndio walioijua njia, hatari zake, na wajibu wao.

Ilikuwako namna nyingine ya kuujua mji, nayo ni kuoa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, akawa mtu mkubwa katika Unyanyembe. Katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, Tippu Tip aieleza Tabora kama mahali penye jamaa na madai ya jamaa. Msomaji akiyaweka maelezo hayo kando ya yale ya Burton atadhani ni miji miwili. Lakini hata huu ni mlango wa wakubwa. Mpagazi Mnyamwezi aliyebeba pembe mpaka pwani hakuacha kitabu. Kumbukumbu yake imo katika utani ulioenea baina ya watu wa bara na watu wa njiani na pwani, na katika majina ya mahali walipolala.

Utaratibu huo wa mgeni na mwenyeji ulivunjwa na Wajerumani. Mtemi Isike aliwapinga, na mwezi wa Januari 1893, ngome yake ilipokuwa ikiingiwa, alijilipua kwa baruti. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mpagazi wa safari ndefu hakuwa na kazi tena. Mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji waliutwaa mji, kisha Waingereza wakaushika. Mji uliokuwa ukiishi kwa misafara ungaliweza kufa kabisa.

Haukufa, kwa kuwa ulipata wageni wa namna nyingine. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilifungua shule huko Tabora kwa ajili ya wana wa watawala wa kienyeji, na baadaye vijana wengine walipokewa. Reli ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, wanafunzi wa pande za ziwa waliweza kufika bila ya kutembea majuma mengi. Mwaka 1937 aliingia humo Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama. Katika shule hiyo alisoma pia Abdallah Fundikira, wa ukoo uleule wa watemi wa Unyanyembe. Hapo mjukuu wa mwenyeji wa zamani na mgeni kutoka mbali walikuwa chini ya kengele moja. Mwenyeji wao sasa alikuwa ni shule: mlango ulikuwa mmoja, tena umetengenezwa na mtawala wa kigeni kwa makusudi yake. Lakini vijana wa makabila mengi waliolala bweni moja walijifunza jambo lisilokuwa katika ratiba, yaani kujuana.

Nyerere alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya St. Mary's, akakaa hata 1949. Kwa hiyo TANU ilipofanya mkutano wake huko mwezi wa Januari 1958, hakuwa mgeni. Shauri lilikuwa gumu: je, chama kiingie katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja? Wengi walitaka kukataa. Nyerere alishauri kuingia, hoja yake ikashinda, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaunda chama chake. Uamuzi huo umekuja kuitwa Uamuzi wa Busara, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru, Abdallah Fundikira akiwa miongoni mwa mawaziri wake.

Katika zama zetu Tabora ina vyuo vya ualimu, vya reli, vya ardhi na vya ufugaji wa nyuki, na kila mwaka vijana wageni hushuka na masanduku yao mahali ambapo misafara ilitua mizigo. Mwanafunzi atakaye kuijua historia ya mji huo atavisoma vitabu vya Burton, Speke na Stanley, maana hana budi. Lakini kabla ya kuamini habari yoyote humo, yampasa kuuliza kwanza mwandishi alilala kwa nani, alizungumza kwa lugha gani, na nani ambaye hakualikwa barazani siku ile.