Tairi la Misimu Yote: Misimu ya Nani?

"Tairi la misimu yote" ni tafsiri ya "all-season tire", jina la kibiashara lililozaliwa Marekani. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ilileta sokoni tairi liitwalo Tiempo, ikamwambia mwenye gari kwamba hana haja tena ya kuweka seti mbili stoo, moja ya kiangazi na nyingine ya majira ya baridi. Tairi hilo lilipendwa, kampuni nyingine zikaiga, na leo magari mengi mapya ya saluni nchini humo hutoka kiwandani yakiwa yamevishwa matairi ya aina hiyo. Kiswahili kililipokea jina lilivyo, neno kwa neno. Tafsiri yenyewe haina kosa. Linalosumbua ni "yote".

Huku Kisii na Nyamira, nchini Kenya, misimu yote maana yake ni masika, vuli, na vipindi vya jua katikati. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na majani chai huchumwa mwezi baada ya mwezi. Mvua ya mawe ikipiga, mashamba hugeuka meupe na mkulima akahesabu hasara, lakini mawe hayo huyeyuka upesi. Katika mazingira haya tairi la misimu yote linastahili jina lake.

Sasa lipeleke jina hilohilo Minnesota, Marekani. Katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park wanaishi Wakisii wengi, na Januari ya huko wastani wa joto ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Theluji ya mwaka mzima hukaribia sentimita 130. Ndipo simu inapopigwa nyumbani kwa ndugu anayeendesha gari la abiria: "Kaka, tairi zangu zimeandikwa M+S. Si ni za theluji hizi?" Na kaka, ambaye theluji ameiona kwa mbali tu kwenye picha za Mlima Kenya, anajibu kwa nia njema kwamba bora ziwe na meno.

Meno ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na tairi lililokakamaa haliikamati lami hata kama barabara ni kavu na haina chembe ya theluji. Mpira wa tairi la majira ya baridi umechanganywa ubaki laini kwenye baridi kali, na juu ya kila jino umechanjwa vijistari vyembamba vinavyofunguka na kuuma theluji. Tairi la misimu yote limewekwa katikati: mpira wake ni mgumu kiasi cha kustahimili lami ya Julai na laini kiasi cha kuvumilia baridi ya wastani. Ukilipeleka kwenye barafu ya Januari, huko si katikati tena.

Kwa sababu hiyo naona "tairi la theluji", jina linalopendwa na wengi, linapotosha kidogo. Linamfanya mtu asubiri theluji ianguke ndipo abadilishe, ilhali baridi ilishafika wiki kadhaa kabla. Wala "tairi baridi" halifai, kwa kuwa mafundi wanalo tayari kwa maana nyingine: tairi ambalo halijatembea, ambalo ndilo hupimwa upepo. "Tairi la majira ya baridi" ni refu, lakini linasema kweli.

Turudi kwenye herufi M+S. Kirefu chake ni matope na theluji. Herufi hizo hutegemea umbo la meno na mifereji, na mtengenezaji huziandika mwenyewe bila kulazimika kulijaribu tairi kwenye theluji. Alama yenye ushahidi ni nyingine: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe moja ya theluji. Alama hii ilianza kutumika mwaka 1999. Ili kuipata, tairi hujaribiwa kwenye theluji iliyoshindiliwa, na lazima nguvu yake ya kushika ipite ile ya tairi la kulinganishia kwa angalau asilimia 10. Hata hivyo jaribio hilo hupima zaidi gari linavyong'oka, si linavyosimama juu ya barafu wala linavyokata kona. Ujerumani ilikwisha kuamua: tangu Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu, herufi M+S peke yake hazitoshi, mlima lazima uwepo. Quebec, Kanada, hulazimisha matairi ya majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Minnesota haina sharti la namna hiyo, hivyo mwenye gari hujiamulia.

Hapo katikati limezuka kundi la tatu, ambalo kwa Kiswahili tungeliita "tairi la hali zote za hewa". Linatumika mwaka mzima kama la misimu yote, lakini lina alama ya mlima. Kwa anayeishi kwenye nyumba ya kupanga, asiye na mahali pa kuhifadhi seti ya pili, hili ndilo la kwanza kuuliza bei. Majina haya mawili yanafanana mno kiasi kwamba muuzaji asiye makini huyachanganya, kwa hiyo kwanza soma ubavu wa tairi.

Mkanganyiko huu una upande wake wa pili, na huo uko hapahapa Kisii. Magari mengi ya mtumba hutoka Japani, na yale yaliyotumika kwenye mikoa ya baridi huja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, maana yake yasiyo na misumari. Wajapani waliyategemea zaidi baada ya sheria ya 1990 iliyopiga vita matairi yenye misumari, yaliyokuwa yakisaga lami na kujaza vumbi mijini. Inama uliangalie moja likiwa limevishwa Toyota Premio: ubavuni 195/65R15, juu ya kila jino mistari ya mawimbi iliyosongamana, na ukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba mpira unabonyea. Dereva anaona meno marefu, anakumbuka udongo mwekundu wa barabara za ndani kuelekea viwanda vya chai, anafurahi. Lakini mpira huo laini huisha haraka kwenye lami ya joto, na lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Mteremko wa Keroka wakati wa mvua si mahali pa kujua hilo. Tairi la majira ya baridi si tairi la matope, hata kama meno yanashawishi.

Kwa ndugu wa Brooklyn Park, basi, jibu la simu liwe hivi. Kama kazi yako ni ya zamu, unatoka alfajiri kabla barabara hazijasafishwa, nunua manne ya majira ya baridi. Manne, si mawili: ukivisha ya mbele tu, gari litang'oka vizuri na mkia utateleza kwenye kona. Kama barabara zako husafishwa mapema na siku ya dhoruba unaweza kubaki nyumbani, ya hali zote za hewa yatakufaa. Uliyonayo ya misimu yote usiyategemee kwenye theluji meno yakishashuka chini ya milimita 4, ingawa sheria za nchi nyingi huruhusu hadi 1.6. Angalia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 3521 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Na pima upepo mara kwa mara, kwani kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza takriban PSI moja.

Je, tuiache istilahi yenyewe? La. "Tairi la misimu yote" limeshazoeleka, na kulifukuza ni kazi bure. Kamusi na mwalimu wa udereva waliongezee maelezo mafupi: tairi la mwaka mzima kwa nchi isiyo na baridi kali. Kwa tafsiri hiyo Nyamira inabaki ndani ya "yote", na Minnesota inajua kwamba iko nje.