Sumuni ya Mabaharia wa Greenwich



Aendaye Greenwich kutoka katikati ya London afadhali aende kwa mashua, kwa kuwa mtaa huo wa kale ulijengwa ukiuelekea mto Thames. Ndivyo tulivyofanya sisi. Tuliposhuka gatini tuliiona kwanza Cutty Sark, merikebu ya matanga iliyoundwa mwaka 1869 kwa kuchukua chai kutoka China. Kisha tukayaona majumba mawili makubwa ya mawe, yenye kuba, yamesimama kama mapacha, na kati yao pameachwa uwazi.

Hapo palikuwa na makao ya wafalme. Ndipo alipozaliwa Mfalme Henry wa 8 mwaka 1491, na binti yake, Malkia Elizabeth wa 1, mwaka 1533. Makao yale yalichakaa, yakabomolewa. Baada ya vita vya baharini vya mwaka 1692, Malkia Mary wa 2 aliwahurumia mabaharia waliorudi na majeraha, akataka uwanja ule uwe maskani ya mabaharia wazee na vilema. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1694, na mumewe, Mfalme William wa 3, akaitimiza nia yake. Ule uwazi pia ni agizo la Malkia, ili Nyumba ya Malkia iliyoko nyuma isizibwe isiuone mto.

Je, fedha zilitoka wapi? Zilikuwako ruzuku na mali nyingine, lakini tangu mwaka 1696 kila baharia, wa merikebu za vita na za biashara, alikatwa peni 6 kila mwezi. Hiyo ni nusu shilingi, yaani sumuni kwa hesabu ya wazee wetu. Baharia stadi wa merikebu za vita alipata shilingi 24 tu kwa mwezi. Wazee 42 wa kwanza waliingia mwaka 1705. Kufikia mwaka 1814 walikuwa zaidi ya 2,700.

Tuliingia katika bwalo lao. James Thornhill alilipamba kwa picha, ukutani na darini, kazi ya miaka 19 iliyokwisha mwaka 1726. Lakini lilipokamilika lilionekana kuwa zuri mno kwa wazee kulia chakula, nao wakawa wanakula katika vyumba vya chini. Tulisimama pale kitambo, tukiwafikiria wenye sumuni wakila chini ya sakafu ya bwalo lao wenyewe.

Wala hayo si yote. Mwaka 1778 Kapteni Thomas Baillie, naibu gavana wa maskani hayo, alichapisha kitabu akilalamika kwamba kazi zilizokuwa haki ya mabaharia wamepewa watu wa nchi kavu, na kwamba wazee wanalishwa chakula duni. Alisimamishwa kazi, akashtakiwa kwa kuwakashifu wakubwa. Wakili kijana, Thomas Erskine, alimtetea kwa ujasiri, na mahakama ikayatupa mashtaka. Hata hivyo Baillie hakurudishiwa kazi yake.

Mwaka 1865 sheria iliwaruhusu wazee kuchukua fedha zao za uzeeni na kwenda kukaa na jamaa zao. Wengi waliondoka kwa hiari, na mwaka 1869 maskani yakafungwa. Majumba yakawa chuo cha jeshi la maji tangu 1873 hata 1998, na sasa wanafunzi wa chuo kikuu hupita humo. Shirika lenyewe lingaliko, likiwasaidia mabaharia na jamaa zao.

Wazee wetu, chama chetu hakina kuba wala picha za darini. Kina daftari, na mchango wa mtu aliyejinyima ili mwenzake asizikwe kwa aibu, wala mjane asifukuzwe nyumbani kwa kukosa kodi. Yatupasa kuukumbuka uwanja ule wa Greenwich kila tufunguapo daftari hilo. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Lakini walinena pia, bandu bandu huisha gogo. Basi mwanachama asimamaye mkutanoni kuuliza sumuni yake imetumikaje asihesabiwe kuwa adui wa chama. Huyo ndiye mlinzi wake.