Sheria inavyomlinda mwathiriwa wa uhalifu na familia yake

KWA miaka mingi nchini Kenya, mtu aliyejeruhiwa na wahalifu, au familia iliyofiwa kwa sababu ya uhalifu, alifika mahakamani akiwa shahidi tu. Mshtakiwa alikuwa na haki ya kuwakilishwa na wakili, nayo Serikali ilikuwa na kiongozi wake wa mashtaka. Aliyeumia, akishatoa ushahidi, hakuwa na nafasi nyingine ya kusikilizwa.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyofungua mlango wa mabadiliko. Kifungu cha 50(9) kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kulinda haki na maslahi ya waathiriwa. Agizo hilo lilitekelezwa mwaka 2014 kwa kupitishwa Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa, Nambari 17 ya mwaka huo.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, wanaomshughulikia mwathiriwa wanapaswa kwanza kumwondoa hatarini, na akiwa amejeruhiwa, kumsaidia kupata matibabu. Aidha, usalama wake na wa familia yake hauna budi kuzingatiwa mahakama inapoweka masharti ya dhamana.

Katika kesi yenyewe, mwathiriwa ana haki ya kuwepo mahakamani na kutoa maoni yake, yeye mwenyewe au kupitia kwa mwakilishi. Mshtakiwa akipatikana na hatia, mahakama inaweza kupokea maelezo kuhusu athari za uhalifu huo kabla ya kutoa adhabu. Katika kesi za mauaji, jamaa wa marehemu ndio wanaoeleza msiba ulivyowaathiri.

Mwaka 2020, Mahakama ya Juu ilithibitisha, katika kesi ya mauaji, kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kupitia kwa wakili wake. Hata hivyo, ilisisitiza kuwa wakili huyo si kiongozi wa pili wa mashtaka. Jaji ndiye anayeweka mipaka ya ushiriki huo, ili haki za mshtakiwa zisivunjwe.

Suala gumu zaidi ni fidia. Sheria inamruhusu mwathiriwa kudai kwa mkosaji gharama za matibabu, mali iliyopotea na hasara nyinginezo. Lakini amri ya fidia dhidi ya mfungwa asiye na mali haimlishi mjane wala haiwalipii yatima karo. Isitoshe, pale muuaji asipojulikana, hakuna wa kudaiwa.

Ndiyo maana sheria hiyo iliunda Hazina ya kuwasaidia waathiriwa, ambayo hupaswa kutengewa fedha na Bunge. New Zealand ilianzisha mpango wa fidia inayolipwa na Serikali mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Nalo Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 linazitaka nchi zijitahidi kutoa msaada wa fedha pale mkosaji anaposhindwa kulipa kikamilifu.

Kwa hiyo, sauti mahakamani ni hatua kubwa, lakini kwa familia iliyompoteza mlezi, uzito wa sheria hupimwa pia kwa fedha zinazotengwa kila mwaka katika bajeti.